Manyoya kwenye Seng'enge

Subilaga, sauti yako imefika saa nne usiku,
nikaisikiliza mara tatu
nimesimama juu ya gogo nyuma ya choo,
maana hapa Isongole mtandao una kiti chake
na haukubali kukaa kwingine.

Unasema huko mnafunga seng'enge msituni,
si kumzuia dubu, bali kumpokonya nywele tano, sita,
anapoinama kunusa samaki mliowaozesha kwa makusudi,
na kwa nywele hizo mnajua ni nani, binti wa nani,
alivuka barabara ipi.
Nimecheka peke yangu gizani.
Sisi hapa tunajuana kwa kikohozi.

Dubu! Mwalimu Mwasomola alituita hivyo
tuliposhindwa kutoa kwa kukopa.
"Kaa chini, dubu wewe." Nikakaa.
Nikamaliza la saba nikidhani dubu ni aina ya mtoto.
Kumbe ni mnyama anayejua mwezi wake wa kulala,
kumbe hupanda mpaka miti inapokoma
akageuza mawe kutwa nzima ale nondo,
wale wa kwenye taa, si wa kujengea,
mwili wote ule, kwa wadudu!

Lakini lililoninyima usingizi ni lile la mimba.
Kwamba jike hupandwa mapema,
na mbegu haishiki. Inangoja,
inakaa mlangoni kama mgeni mwenye adabu
mpaka mwili uhesabu mafuta yake.
Yakitosha, hodi inajibiwa,
naye anajifungua usingizini, theluji juu ya paa.
Yasipotosha, kimya,
na hakuna wa kumsimanga.

Mwaka ule viazi viliozea ardhini kwa ukungu
wewe ulikuwa unatambaa,
na mimi nilikuwa na miezi miwili.
Sikuwahi kukuambia.
Hakuna aliyeniambia kwamba mwili hupiga hesabu.
Waliniambia mengine.

Hatuna dubu sisi. Tuna nyegere:
mgongo wa majivu, tumbo la masizi,
mwendo wa mtu anayekuja kudai deni.
Julai ameangusha mizinga mitatu,
akala asali, akala na watoto wa nyuki,
akaniachia nta na harufu yake.
Kitojo, jirani, akaniletea kutoka Tukuyu
kipakiti cha chenga nyeusi. "Paka kwenye sega, mama,
asubuhi utamkuta amelala."
Nimekifunga kwenye mfuko wa chumvi, kiko juu ya kenchi.
Sijakitumia.
Sijakitupa pia, nisikudanganye.

Ni kwamba umesema na huko walianza na sumu,
bonde baada ya bonde likabaki bila nyayo,
na sasa wajukuu wao wanafunga nyaya za umeme
kuzunguka mizinga, wanaficha mabaki ya chakula,
wakipita njiani wanaongea kwa sauti
ili mwenye msitu asishtuke.
Umeme wangu mimi unatosha balbu mbili.
Nimening'iniza mizinga kwa waya, usawa wa kifua,
nguzo nikazivisha bati la pipa la mafuta
asipate pa kupachika kucha.
Na chini, Subilaga, kwenye njia yake,
nimefunga kipande cha seng'enge.
Si kumzuia.

Leo alfajiri ukungu ulikuwa mzito, sikuuona mlima,
hata mkono wangu niliuona kwa shida.
Nikapapasa. Nywele nne zimenasa,
mbili nyeupe, mbili nyeusi, ngumu kama za ufagio.
Nimezitia kwenye bahasha ya ahadi ya kanisa,
sikuwa na nyingine; mzee wa kanisa atanisamehe.
Zinanuka mpaka kabatini.

Nitampa Lugano akienda Mbeya azipeleke posta.
Wewe mwenye mashine za kuuliza nywele,
ziulize ni nani huyu.
Na kama ni jike,
niambie kama ameshiba.